Saa Haipigwi Picha: Kukisoma Upya Kitabu cha Jacob Riis

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika kurasa hizi uhakiki wa riwaya, tamthilia na mashairi ya Kiswahili. Leo tunaomba ruhusa yao tutoke kidogo nje ya ua, tukahakiki kitabu ambacho si cha Kiswahili wala si cha kubuni. Kitabu chenyewe ni How the Other Half Lives cha Jacob Riis, kilichotolewa New York mwaka 1890, na jina lake lina maana ya namna nusu ya pili ya watu inavyoishi. Sababu ya kukichagua haiko mbali. Baadhi yetu tumekuwa tukikitumia kwa mazoezi ya kutafsiri, maana Kiingereza chake ni cha mwandishi wa magazeti, chepesi na chenye nguvu. Na kila tukitumiapo, mjadala huzuka darasani juu ya mtu mmoja aliyetajwa humo kwa mistari michache tu. Mtu huyo tutamfikia.

Riis alizaliwa mwaka 1849 katika mji mdogo wa Ribe nchini Denmark, mtoto wa mwalimu wa shule. Alijifunza useremala, na mwaka 1870 akahamia Marekani. Huko alitangatanga miaka kadhaa akitafuta kazi, akashinda na njaa, akalala hata katika mabweni ya vituo vya polisi ambamo wasio na makao walijilaza juu ya mbao tupu. Mwaka 1877 alipata kazi ya kuandika habari za polisi katika gazeti la New York Tribune, ofisi yake ikitazamana na makao makuu ya polisi katika mtaa wa Mulberry. Kwa hiyo hakuwa bwana mkubwa aliyeshuka kuwatazama maskini kama mtu atazamaye samaki ndani ya chupa. Umaskini aliujua kwa tumbo lake mwenyewe. Tunalisema hili mapema kwa sababu tutamlaumu hapa chini, na hatupendi lawama zetu zidhaniwe kuwa dharau.

Marekani ya wakati ule ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1865, ikaingia mbio katika enzi ya viwanda, reli na chuma. Mali ilirundikana kwa wachache. Meli zilishusha wahamiaji kutoka Ireland, Ujerumani, Italia, Urusi na nchi ya Wacheki, na wengi wao hawakufika mbali na gati. Walipangishwa katika majengo ambayo jina lake la Kiingereza halina mwenzake katika lugha yetu; sisi tutayaita majumba ya kupanga. Kiwanja kilikuwa na upana wa futi 25 na urefu wa futi 100, na juu yake lilisimamishwa jumba la ghorofa tano au sita, vyumba vikifuatana kama mabehewa ya gari moshi. Cha mbele kilipata dirisha la barabarani, cha nyuma kikapata la uani, na vya katikati vikaambulia giza. Riis anasema kwamba robo tatu ya watu wa mji huo waliishi katika majumba ya namna hiyo.

Fani ya kitabu ni ya kuvutia, na mwalimu wa insha atafanya vyema kuichunguza. Mwandishi hasimulii kwa mbali. Anamshika msomaji mkono, anamwingiza katika ukumbi wenye giza, anamtahadharisha asijikwae kwa watoto wanaochezea humo, anamwonyesha bomba la maji lililo kwenye ujia ili wapangaji wote walitumie, anamsimamisha nje ya mlango ambamo mtoto mchanga anakata roho. Mahali pengine anampandisha msomaji katika reli ya juu ya barabara ya Second Avenue. Garimoshi linapopita kasi kati ya kuta za matofali, kila dirisha lililo wazi linamwonyesha kwa nukta moja wanaume na wanawake walioinamia cherehani au wakipiga pasi, nusu uchi kwa joto. Hatujasoma maelezo mengi ya kazi za mikono yenye kasi kama hiyo. Lakini msomaji aangalie amewekwa wapi: yumo ndani ya garimoshi, naye fundi yuko dirishani. Wanaonana kwa nukta moja, kisha gari limepita.

Kilichomfanya Riis ajulikane zaidi, hata hivyo, ni picha. Mwaka 1887 alisoma gazetini kwamba Wajerumani wamegundua unga wa magnesiamu ambao ukiwashwa hutoa mwanga mkali wa kupigia picha gizani. Akaona mara moja kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta, maana miaka yote alikuwa ameandika habari za vyumba hivyo bila ya watu kumwamini. Akaanza kuvizunguka usiku, mwanzoni akiulipua unga huo kwa bastola, baadaye akiuwasha katika kikaango. Katika toleo la kwanza nyingi za picha hizo zilichorwa upya kwa mkono, kwa kuwa uchapaji wa picha vitabuni ulikuwa bado mchanga; watu wa leo wanazifahamu zaidi kutokana na maonyesho yaliyofanywa na jumba la makumbusho la mji wa New York mwaka 1947. Nyuso zilizomo humo, nyingi zimeshtuka. Ni watu walioamshwa usingizini na mwako.

Kuna kisa kimoja ambacho Riis anakisimulia mwenyewe, wala hajifichi. Aliingia katika chumba cha ombaomba vipofu, akapiga picha, na mwanga ulipozimika akaona makaratasi na matambara ya ukutani yanawaka. Chumbani walikuwamo watu sita: yeye, na vipofu watano wanaume kwa wanawake, ambao hawakujua hatari iliyowakabili. Aliuzima moto kwa taabu, peke yake. Alipomweleza askari wa polisi, askari akacheka: kuta za jumba lile, alisema, zina uchafu mwingi mno hata haziwezi kushika moto. Riis anakitoa kisa hiki kama kichekesho kidogo chenye machungu, na kwa hakika kinachekesha. Walakini sisi tulipokisoma tulijiuliza swali ambalo yeye hakujiuliza. Wale watano walisema nini? Walisikia harufu ya moto, walisikia mtu akipigapiga ukuta, na hapana shaka waliuliza. Kitabu hakituambii.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Katika kurasa zake nyingi kitabu hiki kinaonyesha watu, lakini ni mara chache kinawasikiliza. Nacho kilipofika mikononi mwa wenye kutunga sheria, sheria zikafuata kile kilichoonyeshwa. Ukuta unapigika picha. Paa linalovuja linapigika picha, na choo kilichofurika, na kitanda ambacho watu wanalala kwa zamu. Saa haipigwi picha. Mtu aliyefanya kazi saa kumi na tano, ukimpiga picha, anaonekana sawasawa na mtu aliyefanya kazi saa nane akachoka. Ili kuijua saa lazima umwulize, naye lazima akujibu, kwa lugha mnayoelewana.

Haki yake tumpe: Riis aliwahi kuuliza, angalau mara moja, na sura aliyouliza ndiyo bora kuliko zote. Ni sura ya watu wa Bohemia, yaani Wacheki, waliotengeneza sigara zile nene za majani mazima ya tumbaku. Hawakuzitengenezea kiwandani, bali nyumbani mwao. Tajiri mwenye tumbaku alinunua au kukodi jumba, akapangisha vyumba kwa familia za mafundi wake, akawagawia majani. Kwa hiyo mwajiri ndiye mwenye nyumba. Anayempunguzia fundi ujira ndiye amwongezeaye kodi. Na fundi akigoma asubuhi, jioni vyombo vyake viko barabarani. Haya si ya kubuni: katika mgomo mkubwa wa watengeneza sigara wa New York mwaka 1877, familia zilitolewa majumbani.

Riis anaingia katika chumba kimoja cha East Tenth Street. Kina madirisha mawili ya barabarani, na nyuma yake kijichumba kisicho na dirisha kiitwacho cha kulala kwa heshima tu. Kodi yake ni dola 12.25 kwa mwezi. Mume na mke wameketi kwenye benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu ya usiku. Wanachambua majani pamoja. Kisha mume anaunda tumbo la sigara, mke analiviringia jani la nje na kuimaliza. Kwa sigara 1,000 wanalipwa dola 3.75, na kwa wiki wanaweza kutoa 3,000. Tukihesabu siku sita za kazi, na benchi lina watu wawili, tunapata dola 11.25 kwa saa 180, yaani senti 6 na robo kwa kila saa ya kila mtu. Hesabu hiyo ni yetu. Riis ametoa tarakimu akaziacha. Siku ile mafundi walikuwa wamegoma wakitaka dola 5 na zaidi, na mgeni akiwa bado chumbani jibu la tajiri likaletwa: dola 3.75, hapana senti ya ziada.

Kisha inakuja mistari ambayo imewagawa wanafunzi wetu. Mwenyeji, asema Riis, anaonekana kuwa mtu mwenye akili, na hata hivyo amekaa New York miaka tisa bila kujua Kiingereza wala Kijerumani. Jirani yake wa ghorofa hiyo hiyo ana miaka kumi na mitano, naye anapoulizwa kama anajua Kiingereza anatikisa kichwa. Katika safu nzima ya majumba hayo zimo familia 35 za watengeneza sigara, na ukiwatoa watoto, hawafiki watu sita wajuao neno la Kiingereza.

Lile neno "hata hivyo" ndilo linalopiganiwa. Kundi moja la wanafunzi husema kwamba mwandishi anashangaa tu, kwa huruma. Kundi jingine husema kwamba analaumu: mtu ana akili, mbona hajifunzi? Sisi tunaona kwamba jibu limo katika ukurasa ule ule, juu kidogo, na kwamba aliyeliandika hakuligeuza shingo kulitazama. Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu ya usiku. Lugha hujifunzwa sokoni, barabarani, kazini kwa wenzio, au darasani jioni. Mtu ambaye kazi yake imo chumbani mwake, mwenzake wa benchi ni mkewe, na jirani zake wote ni wa nchi moja naye, angeikutia wapi? Miaka kumi na mitano hiyo hakuitumia New York. Aliitumia kwenye benchi.

Na hapa historia ya ufundi huo inatupa kielelezo ambacho Riis hakukitumia. Wakati huo huo, katika mji huo huo, palikuwa na mafundi wengine wa sigara waliofanya kazi pamoja katika karakana. Mmoja wao ni Samuel Gompers, aliyezaliwa London mwaka 1850, akaletwa New York akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu, na baadaye akawa kiongozi mashuhuri wa vyama vya wafanyakazi. Gompers ameeleza kwamba kazi ya kuviringa sigara haina kelele, mikono huizoea hata akili ikabaki huru. Basi mafundi wa karakana walimchagua mwenzao mwenye sauti nzuri awasomee kwa sauti, magazeti na vitabu, nao wakamfidia kwa kumpa sehemu ya sigara zao asipungukiwe na ujira. Baada ya kusoma walijadiliana. Karakana ikawa darasa, na darasa likazaa chama. Ufundi ni ule ule, jani ni lile lile. Kilichopungua katika chumba cha East Tenth Street ni sauti ya tatu.

Gompers mwenyewe aliingia katika majumba yale kabla ya Riis kuingia na kamera yake. Ili wenye nyumba wasimfukuze alijifanya muuzaji wa vitabu vya Charles Dickens. Aliyoyaona aliyaandika kwa mfululizo katika gazeti la Kijerumani la mji huo, na chama chake kikashikilia kwamba sigara zisitengenezwe kabisa katika nyumba za kulala. Mbunge kijana wa jimbo, Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa na mashaka na sheria hiyo, alikwenda kujionea, akarudi akiiunga mkono. Mwaka 1884 ikapitishwa. Mwaka 1885 mahakama ya juu ya jimbo la New York ikaitangua. Majaji walisema kwamba haina uhusiano na afya ya umma, inamnyima mtu uhuru wa kufanya kazi halali nyumbani kwake, na inamtoa katika malezi mema ya nyumba yake. Nyumba! Majaji walilisoma neno hilo wakaona sebule zao wenyewe. Roosevelt aliyekuwa ameviona vyumba vile alikumbuka hukumu hiyo kwa uchungu hata uzeeni.

Riis alikuwa na habari za mambo hayo. Katika sura ya Wabohemia anakiri kwamba kilio kikubwa alichokikuta humo ni ujira mdogo na kodi kubwa, wala si hewa mbaya. Tena anawatetea watu hao dhidi ya wale waliowaita wakorofi. Lau angeendelea na uzi huo, tungekuwa na kitabu kingine. Lakini tukifika sura ya mwisho, ambamo anapima nini kifanywe, njia anazozitaja ni tatu: sheria ya kusimamia majumba, kuyarekebisha yale ya zamani, na kujenga mapya ya mfano ambayo wenye mitaji wataridhika na faida ya asilimia tano. Zote tatu ni za nyumba. Benchi limesahauliwa.

Kuna kasoro nyingine iliyo wazi zaidi, na mwalimu asiitaje kwa kupitia tu. Riis amezipanga sura zake kwa makabila ya watu kama mtu apangaye viungo dukani, na kila kabila analitolea tabia yake. Mwitalia, kwake, huridhika kuishi katika uchafu. Wayahudi mioyo yao i katika fedha. Wachina ndio waliopata mabaya zaidi: hata mwendo wa viatu vyao visivyo na kishindo anaufanya dalili ya hila. Katika sura ya watu weusi anaonyesha kwa tarakimu kwamba walitozwa kodi kubwa kuliko wazungu kwa vyumba vile vile, na anawashutumu wenye nyumba bila kuuma maneno. Walakini ukurasa wa pili anarudia kuwaeleza wapangaji hao kama watoto wapenda anasa. Kuna wanaomtetea kwa kusema kwamba ndivyo watu wa enzi yake walivyoandika. Utetezi huo hautoshi. Tatizo si matusi peke yake. Ni kwamba palipokosekana jibu la mwenyewe, tabia ya kabila imewekwa kujaza pengo. Aliyeulizwa, yule Mbohemia, hakupewa tabia. Alipewa saa na bei.

Mkalimani wa Kiswahili atapata pia fursa ya kujifunza jambo katika sura ya washonaji. Waingereza na Wamarekani wa wakati huo walikuwa na neno la kumwita mwenye kijikiwanda cha kushonea nguo, yule achukuaye vitambaa kwa tajiri mkubwa na kuwapa mafundi kwa bei ya chini. Neno hilo lilitokana na jasho. Lakini halikuwa la anayetoka jasho, bali la anayewatoa wengine jasho. Kiswahili chetu cha siasa kinafanya kinyume: tuna mvujajasho, na huyo ni mfanyakazi. Mwanafunzi asiyeangalia atamtafsiri mwenye kiwanda kuwa mvujajasho, na kwa neno moja atakuwa amembadilisha mnyonyaji kuwa mnyonywaji. Tumeona kosa hilo si mara moja. Baadhi hujaribu "mkamua jasho", na sisi tunaliona linafaa.

Basi kitabu kilizaa nini? Kilizaa mengi, na tusimnyime Riis sifa yake. Roosevelt, aliyekuwa rais wa bodi ya polisi wa mji mwaka 1895 hadi 1897, alikisoma akamfuata mwandishi kutaka kujua anaweza kusaidia nini. Mabweni ya polisi ambamo Riis alilala akiwa kijana yakafungwa mwaka 1896. Safu ya majumba mabaya kuliko yote, pale mtaa wa Mulberry unapopinda, ilibomolewa, na mwaka 1897 ikafunguliwa bustani. Mwaka 1901 jimbo la New York likatoa sheria mpya ya majumba ya kupanga: kila chumba kiwe na dirisha, kila familia iwe na choo chake. Mtoto aliyezaliwa katika jumba lililojengwa baada ya sheria hiyo alizaliwa mahali penye hewa. Hilo si dogo.

Lakini tuitazame sheria nyingine ya jimbo hilo, ya mwaka 1895, iliyohusu mikate. Tanuri nyingi zilikuwa katika vyumba vya chini ya ardhi vya majumba hayo hayo. Sheria ile ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja uliagiza usafi: mifereji, sakafu, kuta, mahali pa kulala pawe mbali na mahali pa kukandia unga. Upande wa pili ulisema mwoka mikate asifanyishwe kazi zaidi ya saa 10 kwa siku wala saa 60 kwa wiki. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji watano dhidi ya wanne, iliutangua upande wa saa kwa hoja ya uhuru wa mtu kufanya mapatano ya kazi. Upande wa kuta haukuguswa. Mwaka uliofuata Upton Sinclair alitoa riwaya yake The Jungle juu ya taabu za wafanyakazi wa machinjio ya Chicago. Wasomaji wakashtushwa na nyama, na kabla ya Julai 1906 zikapitishwa sheria za nyama na vyakula. Sinclair alisikitika hadharani kwamba alikusudia kugusa moyo akagusa tumbo. Kikomo cha saa na kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima vilingoja hadi sheria ya mwaka 1938, nusu karne kamili baada ya wafanyakazi wa Chicago na miji mingine kugoma mwezi Mei 1886 wakitaka saa nane, na miaka miwili juu yake. Wao walikuwa wamelisema dai lao kwa sauti na kwa lugha kadhaa.

Hatudai kwamba Riis ndiye aliyechelewesha hayo. Majaji na matajiri wana sehemu yao, nayo ni kubwa. Tunachodai ni kwamba kitabu kilimfundisha msomaji wa tabaka la kati kumwona maskini kama mpangaji, akasahau kumwona kama mfanyakazi. Na kwamba somo hilo lilimfaa msomaji huyo, kwa sababu nyumba mbovu ni kosa la mwenye nyumba fulani mwenye tamaa, ilhali suti ya bei nafuu aliyoivaa msomaji mwenyewe ilishonwa kwenye dirisha lile alilolipita kwa garimoshi.

Sisi wenyewe tuna la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita tulifundisha darasa la jioni la Kiswahili hapa Kampala, na miongoni mwa wanafunzi alikuwamo mfanyakazi wa kiwanda ambaye kila siku alisinzia tulipofika ngeli ya tatu. Mwisho wa muhula tulimwandikia katika daftari: hana bidii. Baadaye tulipokutana naye njiani tulimtania kwa hilo. Akatujibu kwa Kiswahili ambacho hatukujua kwamba anacho: "Mwalimu, mimi zamu yangu huanza saa tano usiku. Nikija kwako ndiyo asubuhi yangu, na asubuhi yenyewe sijalala." Muhula mzima hatukuwa tumemwuliza.

Kwa walimu watakaopenda kukitumia kitabu hiki, ushauri wetu ni wasianze na picha. Waanze na sura ya Wabohemia, kisha ile ya washonaji, na picha zije mwisho. Zoezi tunalolipendekeza ni hili: baada ya kutafsiri mistari ya yule mtu wa miaka kumi na mitano, kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili jibu ambalo angelitoa badala ya kutikisa kichwa, pasipo kuzidi ukurasa mmoja, na pasipo kumfanya ahutubie. Tulipolitoa kwa mara ya kwanza, wanafunzi wengi walianza na saa ya kuamka. Mmoja alianza na bei ya sigara elfu, na mwingine alimfanya amwite mwanawe anayechezea sakafuni aje kukalimani. Zoezi litengewe vipindi viwili, kimoja hakitoshi.